Mtambo wa Kufuma Hewa: kisa cha James Tilly Matthews na ubongo unaougua skizofrenia

Tarehe 30 Desemba 1796, Bunge la Uingereza lilikuwa likijadili kuvunjika kwa mazungumzo ya amani na Ufaransa, mara sauti ikapasuka kutoka roshani ya wageni: "Usaliti!" Aliyepiga ukelele ule alikuwa mfanyabiashara wa majani ya chai aitwaye James Tilly Matthews, mwenye umri upatao miaka 26, mtu mwenye mke na familia. Akatolewa nje. Tarehe 28 Januari 1797 akapokelewa Bethlem, hospitali kongwe ya wagonjwa wa akili jijini London, na mwaka uliofuata akaandikwa miongoni mwa wasiotibika.

Tunajua mengi juu yake kwa sababu ya ugomvi. Mwaka 1809 ndugu zake waliomba aachiliwe, na madaktari wawili wa nje, George Birkbeck na Henry Clutterbuck, wakamtembelea mara kadhaa wakasema ni mzima. Mfamasia mkazi wa Bethlem, John Haslam, alikasirika. Mwaka 1810 akachapisha kitabu kizima juu ya mgonjwa huyu mmoja ili kuthibitisha kuwa ni mwendawazimu, na ndani yake akanukuu kwa kirefu maneno na maandishi ya Matthews mwenyewe. Neno skizofrenia, jina la ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo au ashike imani potofu, lilikuwa bado. Daktari wa akili Eugen Bleuler wa Zurich alilileta mwaka 1908. Hata hivyo wataalamu wengi wakisoma kurasa zile leo huutambua ugonjwa bila kusita. Mimi kinachonivuta ni kingine: mgonjwa yule alieleza kutoka ndani, kwa usahihi unaotisha, mambo ambayo sayansi ya ubongo imeanza kuyapatia maelezo karibu miaka 200 baadaye.

Kwanza tumpe haki yake. Mengi aliyoyasema yalikuwa kweli. Alikwenda Paris pamoja na David Williams, mwanafikra wa Wales, kujaribu kuzuia vita kati ya nchi hizo mbili. Alionana na wakubwa wa kundi la Girondin, wanamapinduzi wa msimamo wa wastani, akarudi London kuwapelekea mawaziri habari, akavuka bahari tena. Wajakobini, wapinzani wao wenye msimamo mkali, waliposhika hatamu mwaka 1793, marafiki zake wa Paris wakageuka maadui wa mapinduzi, naye akatiwa kizuizini. Alikaa humo karibu miaka mitatu, katika mji ambao wafungwa walikuwa wakitolewa kupelekwa kwenye gilotini, mashine ya kukatia vichwa. Alipoachiliwa mwaka 1796, Wafaransa wenyewe walikwisha kumwona si mzima. Na serikali ya kwao, aliyoamini anaitumikia, haikutaka hata kumjua.

Basi akaanza kueleza kilichokuwa kikimpata. Katika chumba cha chini ya ardhi karibu na London Wall, si mbali na Bethlem yenyewe, lilikuwapo genge la watu saba, wanaume wanne na wanawake watatu, wakiendesha mashine aliyoiita Mtambo wa Kufuma Hewa. Kiongozi wao alikuwa Bill, aliyeitwa Mfalme. Jack, aitwaye Mwalimu, aliandika kumbukumbu za kila jambo. Walikuwapo Sir Archy, Mtu wa Kati, Augusta, Charlotte, na mwanamke asiyevua glavu. Mtambo ulilishwa mvuke wa shaba na kiberiti, pumzi za watu zinazonuka, uvundo wa mashimo ya choo, hata marashi ya waridi. Nyuzi zisizoonekana za sumaku zilitoka humo mpaka mwilini mwa mtu aliyelengwa. Magenge mengine, alisema, yalijibanza jirani na Bunge yakimfanyia hivyohivyo Waziri Mkuu, William Pitt.

Mateso yalikuwa na majina. "Kuvunja kambakoche" kulikuwa kumbana mtu kwa hewa ya sumaku mpaka damu isite. "Kurusha tiara" kulikuwa kuinua wazo fulani ndani ya ubongo, kama watoto wanavyorusha tiara, likaelea humo kwa saa nyingi hata mwenyewe akitaka kuwaza jambo jingine asiweze. "Kutengeneza mawazo" kulihitaji wahalifu wawili: mmoja anafyonza mawazo ya mtu, mwingine anapachika mawazo mengine pale yalipotoka. Na palikuwa na lile la kutenga moyo na akili: pazia linatandazwa chini ya ubongo, hisia zisiweze tena kufika kwenye fikra.

Msomaji wa leo hucheka hapo. Tafadhali usicheke. Matthews aliujenga mtambo wake kwa vifaa vya mtaani kwake. Mwanakemia Joseph Priestley alikuwa ametangaza gesi mpya, Paris nzima ilikuwa imewahi kuwaka kwa habari za Franz Mesmer na nguvu zake za sumaku, na viwanda vya kufuma vilikuwa vikibadilisha Uingereza mbele ya macho ya watu. Mtu huyohuyo angezaliwa mwambao wetu zama zilezile, pengine angesema ametumiwa jini. Angekuwa kijana wa Dar es Salaam au Nairobi leo, angetaja Frimasoni, kamera zilizofichwa, au mtu anayesoma mawazo yake kupitia simu. Simulizi huazimwa mtaani. Lakini umbo la simulizi halibadiliki: kuna watu, wana nguvu, wananilenga mimi, na mawazo kichwani mwangu si yangu. Umbo hilo ndilo linalotoka kwenye ubongo, na ndilo la kuchunguzwa. Familia ikibishana na mgonjwa kama jini lipo au halipo inahangaika na lile la kuazima.

Kengele isiyonyamaza

Katika ubongo wa kati kuna seli chache kiasi zinazotuma dopamini hadi kwenye striatamu, kundi la seli lililo kilindini mwa ubongo. Watu wengi wameambiwa dopamini ni kemikali ya raha. Hilo halitoshi. Wolfram Schultz alipochunguza seli hizi kwa nyani, aliona zinafyatuka nyani anapopewa tone la juisi asilolitarajia. Nyani akishajifunza kwamba taa hutangulia juisi, seli zinafyatuka taa inapowaka, na juisi yenyewe haizishtui tena. Kwa hiyo kazi yake ni ya mpiga kengele: hapa pana jambo, tazama, jifunze.

Sasa chukulia kengele inalia yenyewe. Mtu anakohoa kwenye ngazi, kengele inalia. Gari linapita mara mbili, inalia. Mtangazaji wa redio anatamka neno ulilolisema jana, inalia kwa nguvu. Kila kitu kinanong'ona "hili linakuhusu", nawe hujui kwa nini. Hali hii inaweza kumkaa mtu wiki au miezi kabla hajawa na imani yoyote potofu. Jamaa humwona tu amekuwa mzito, mwenye kushtuka, asiyelala. Kisha siku moja anapata maelezo, na maelezo yanaleta nafuu. Ndiyo maana hang'oki. Shitij Kapur aliliweka wazi wazo hili mwaka 2003: imani potofu ni juhudi ya akili kuipa maana mihemko ya dopamini isiyokuwa na sababu.

Ushahidi wake umetoka pande kadhaa. Amfetamini humwaga dopamini, na mtu mzima wa afya akiitumia kupita kiasi anaweza kuanza kuona anafuatwa. Picha za PET, zinazoonyesha kemikali zikifanya kazi ndani ya ubongo, zimeonyesha kwamba wagonjwa wengi wa skizofrenia hutengeneza na kutoa dopamini nyingi kuliko kawaida katika striatamu. Na dawa ya kwanza iliyotuliza dalili hizi, klopromazini, ilianza kutumiwa na Jean Delay na Pierre Deniker katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, mwaka 1952, kabla yeyote hajajua inafanyaje kazi. Katikati ya miaka ya 1970 ndipo ilipobainika kuwa nguvu ya kila dawa ya aina hii inalingana na inavyoshikilia kipokezi kimoja cha dopamini, yaani sehemu ya seli inayoipokea kemikali hiyo, kile cha D2.

Mrudishe Matthews hapo. Alitoka mahali ambapo kila nyayo kwenye korido ilikuwa na maana kweli, ambapo njama zilikuwa za kweli na kengele ilikuwa na haki ya kulia usiku na mchana. Hofu na kutengwa kwa muda mrefu huchochea mfumo huohuo wa dopamini. Kisha akarudi London, hatari ikabaki Paris, lakini kengele haikunyamaza. Kupiga kelele bungeni kulikuwa tendo la mtu aliyesikia kengele hiyo akashangaa kwa nini wengine wote wamekaa kimya.

Barua isiyo na nakala

Kengele hiyo inaeleza kwa nini Matthews alijiona analengwa. Haielezi kwa nini mawazo yake mwenyewe yalionekana kuwa ya Jack na Augusta. Hapa inabidi tuingie mfumo mwingine, na kwangu ndipo patamu zaidi katika kisa chote.

Tuna msemo: anajitekenya na kucheka mwenyewe. Msemo una makali kwa sababu jambo lenyewe haliwezekani. Jaribu kujitekenya nyayoni, hutacheka. Ubongo unapotuma amri kwa mkono, hutuma pia taarifa kwa sehemu zinazopokea mguso, ubongo mdogo wa kisogoni ukisaidia kukadiria kitakachohisiwa. Mguso ukifika, unakuta umetarajiwa, unapunguzwa makali. Mkono wa mtu mwingine hauna taarifa hiyo, ndiyo maana unatekenya. Sarah-Jayne Blakemore na Chris Frith, wakifanya kazi London hiyohiyo, waliwapima wagonjwa wanaosikia sauti au wanaohisi wanaendeshwa na nguvu za nje. Wagonjwa hao walipojigusa wenyewe, walihisi mguso ule kuwa na mtekenyo sawa na wa mtu mwingine.

Aliyefanya kazi ofisi ya serikali ataelewa haraka. Kila barua inayotoka huachiwa nakala masjala. Siku nakala isipowekwa, barua ikirudi ofisini watu watauliza: nani ametuandikia haya? Sahihi ni ya kwao, lugha ni ya kwao, lakini jalada halina kumbukumbu, kwa hiyo imetoka nje. Irwin Feinberg alipendekeza mwaka 1978 kwamba kufikiri nako ni tendo lenye amri na nakala yake. Kuna maneno tunayojisemea kimya mchana kutwa. Nakala ikipotea, neno lako mwenyewe linakufikia kama la mgeni. Mwishoni mwa miaka ya 1940 daktari Louis Gould alimwekea mgonjwa kipaza sauti, akanasa mnong'ono hafifu kutoka kooni mwake, na maneno ya mnong'ono yakalandana na yale mgonjwa aliyosema anayasikia kutoka kwa "sauti". Mgonjwa alikuwa anasema asijue kuwa anasema.

Tazama sasa jinsi Matthews alivyokuwa makini. Alitenganisha kurusha tiara na kutengeneza mawazo, akavipa majina mawili. Kwa maoni yangu alikuwa sahihi, kwani ni hitilafu mbili. Tiara ni wazo linalong'ang'ania: kengele ya dopamini imelifunga kamba, haliteremki. Kutengeneza mawazo ni jambo jingine kabisa: wazo halina nakala masjala, halina mwenyewe, basi lazima pawepo aliyelipachika. Haslam aliandika yote mawili kama upuuzi wa aina moja. Mgonjwa alijua zaidi ya tabibu wake.

Nadharia ya nakala ina mpaka. Inaeleza vizuri mikono, midomo na sauti. Kwa wazo ambalo halina neno wala msuli wowote nyuma yake, wataalamu bado wanavutana. Lakini hadi leo sijaona maelezo mengine yanayoukaribia mtambo wa Matthews kwa ukaribu huu.

Pazia

Kuna dalili ambazo hazipigi kelele. Mtu anaacha kucheka, hachangamkii wali wa sikukuu, uso umekauka, anajibu kwa neno moja. Watu husema amekuwa mvivu, au amebadilika. Dalili hizi ndizo zinazowaibia wagonjwa maisha kuliko hata sauti, na dawa za D2 huzigusa kidogo sana.

Hapa dopamini peke yake haitoshi, na watafiti wamegeukia glutamati, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia zaidi kuamshana. Mwaka 1994 John Krystal na wenzake wa Yale waliwapa watu wenye afya dozi ndogo za ketamini, dawa inayoziba kipokezi cha glutamati kiitwacho NMDA. Kwa muda mfupi waliojitolea wale walipata shaka na mawazo ya ajabu, na pia wakapooza hisia, wakawa wazito wa kufikiri. Mwaka 2007 Josep Dalmau akaeleza ugonjwa ambao kingamwili za mtu mwenyewe hushambulia kipokezi hichohicho. Wengi wa wagonjwa wake ni wasichana na wanawake vijana, na mara nyingi huonekana kwanza kama wamepata wazimu wa ghafla. Ugonjwa huo unatibika, ndiyo maana kijana aliyebadilika ndani ya siku au wiki chache, hasa akiwa na degedege au homa, asiishie kwa mganga wala asifungwe kamba nyumbani; afikishwe hospitali apimwe.

Vipokezi hivyo ndivyo vinavyosaidia sehemu za ubongo kwenda pamoja: gamba la mbele linalopanga, hipokampasi inayotunza kumbukumbu, sehemu za kina zinazobeba hisia. Vikilegea, kila sehemu inaweza kuwa inafanya kazi yake lakini mazungumzo kati yake yamekatika. Pazia limetandazwa chini ya ubongo, moyo haufikii akili. Matthews hakuwa na hadubini wala ramani ya ubongo, na simpi sifa ya mwanaanatomia. Alikuwa anaripoti alichohisi.

Sasa ule ugomvi wa 1809. Iweje Birkbeck na Clutterbuck, madaktari wasomi, wakae na mtu huyu mara kadhaa wamwone mzima? Haslam aliwaona wajinga. Mimi sikubali. Walichokiona kilikuwapo. Kumbukumbu ya Matthews ilikuwa nzuri, usemi wake umenyooka, hoja zake zilifuatana. Hitilafu ilikuwa kwenye kengele na kwenye masjala. Hakimu aliyekaa gamba la mbele alikuwa akihukumu kwa haki kwa ushahidi uliokwisha haribika kabla haujamfikia. Si wagonjwa wote wako hivyo. Wengi hupoteza pia uwezo wa kushika mambo kichwani na kupanga, na hao kazi huwashinda hata sauti zikishanyamaza. Lakini hali ya Matthews inajulikana katika nyumba nyingi kwetu: kaka anawaamkia wageni vizuri, anauliza hali za watoto, wageni wakiondoka anarudi kuziba tundu la ukuta kwa magazeti. Ndugu wanasema anajifanya. Hajifanyi.

Kwa nini yeye? Umri ulikuwa wenyewe. Kwa wanaume ugonjwa hujitokeza zaidi kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini na kitu, wakati ubongo unamalizia kupogoa miunganisho ya seli. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba aina fulani za jeni ya C4, inayohusika na upogoaji huo, huongeza hatari. Ni jeni moja kati ya nyingi, kila moja na uzito mdogo. Jela ya Paris ilikuja juu ya mwili uliokwisha kuwa na udhaifu wake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 24 wana ugonjwa huu, kama mtu 1 kwa kila 300, na sehemu kubwa kati yao hawakuwahi kufungwa popote.

Bethlem ilikuwa na minyororo, dawa za kuharisha na kutoa damu. Kwa kipindi Matthews alifungwa minyororo. Leo angepewa haloperidoli au olanzapini, na kama hazikufaa, klozapini. Kengele ingepungua baada ya siku au wiki kadhaa, ila genge lisingefutika mara moja, kwa kuwa dawa huzuia maana mpya isizaliwe. Iliyokwisha kujifunzwa imo kwenye kumbukumbu. Mgonjwa anayepona huanza kwa kusema bado wapo, lakini siku hizi hawanisumbui. Familia nyingi husikia hivyo zikadhani dawa imeshindwa, zikaiachisha. Nyingine huiachisha kwa sababu ya shingo kupinda au mikono kutetemeka. Ni kwa kuwa dopamini ileile huendesha mwendo wa mwili kupitia njia nyingine, na dozi au dawa inaweza kubadilishwa na daktari.

Ndani ya wodi Matthews alijifunza kuchora. Aliuchora mtambo, na mchoro huo ukachapwa kwenye kitabu cha Haslam. Alijiita pia mfalme wa wafalme wote wa dunia kwa maandishi marefu. Na Bethlem ilipotangaza shindano la ramani za jengo jipya, akatuma ramani zake zenye maelezo ya jinsi wagonjwa wanavyopaswa kukaa, akalipwa pauni 30. Alikuwa akiandika pia, kimyakimya, namna wagonjwa walivyotendewa mle ndani. Alifariki Januari 1815 katika nyumba binafsi ya wagonjwa huko Hackney. Miezi michache baadaye kamati ya Bunge ikaanza kuichunguza Bethlem, na maandishi yake yakawekwa mezani kama ushahidi. Mwaka 1816 Haslam akafukuzwa kazi.